Hajar: Milima Iliyopanda Kutoka Chini ya Bahari

Jabali katika Kiswahili ni jiwe kubwa, mwamba usiotikisika. Na kwa njia ya sitiari ni mtu shupavu asiyeyumbishwa na maneno ya watu. Katika Kiarabu, lugha iliyokikopesha Kiswahili neno hilo, jabali ni mlima wenyewe. Yaani neno lilipovuka bahari lilipungua kimo. Huko lilikotoka nako pana kinyume chake, kwani safu kubwa ya milima ya kaskazini mwa Oman haikupewa jina litokanalo na mlima, bali iliitwa Al-Hajar, maana yake jiwe. Waswahili waliufanya mlima kuwa jiwe. Waomani wakalifanya jiwe kuwa milima.

Anayeitazama safu hiyo kwa mara ya kwanza hana haja ya kuuliza kwa nini iliitwa hivyo. Hakuna msitu wa kuuficha mwamba, wala nyasi, wala udongo wa kutosha kuushikilia mzizi. Kila tabaka, kila kunjo na kila ufa u wazi machoni. Katika Milima ya Taita au miteremko ya Mlima Kenya, mwanajiolojia hulazimika kusubiri barabara ikatwe au kisima kichimbwe ndipo aone kilicho chini ya majani. Hajar haina siri ya namna hiyo. Ukame ulioinyima mimea ndio huohuo ulioifanya kuwa mojawapo ya sehemu zinazosomwa zaidi na wanajiolojia duniani.

Safu hii huanzia kwenye rasi ya Musandam, katika Mlangobahari wa Hormuz, hupitia mashariki mwa Falme za Kiarabu, kisha hupinda kama upinde kuelekea kusini-mashariki hadi karibu na Ras al-Hadd. Masafa hayo ni takriban kilomita 700. Upande wa bahari kuna uwanda mwembamba uitwao Batinah. Upande wa pili kuna nyanda za changarawe, na baada ya changarawe ni mchanga: machuguu ya Sharqiya, na mbele zaidi Rub' al-Khali, jangwa ambalo jina lake humaanisha robo tupu. Kilele kirefu kuliko vyote ni Jabal Shams, mlima wa jua, chenye kimo cha takriban mita 3,000. Jina hilo halitamtatiza msomaji wa mashairi ya Kiswahili, ambaye shamsi si neno geni kwake.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Hajar ni mlima mmoja mrefu uliotengenezwa kwa jiwe la aina moja. Anayesafiri kutoka Muscat hadi Nizwa huona rangi mbili zikipishana. Ipo milima ya kijivu, mirefu, yenye matabaka yaliyopangika kama vitabu kwenye rafu. Na vipo vilima vya rangi ya kahawia iliyokoza, karibu na weusi, vyenye ncha kali, visivyo na mpangilio wowote wa wazi, na ambavyo hata mbuzi huvipita haraka. Miamba hiyo miwili haikuzaliwa mahali pamoja. Ile ya kijivu ni chokaa iliyotandazwa katika bahari ya kina kifupi ukingoni mwa bara. Ile ya kahawia ilitoka chini ya bahari kuu. Swali lililowashughulisha watafiti kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ni jinsi hiyo ya pili ilivyokuja kukaa juu ya ile ya kwanza.

Tuanze na iliyo ya kale zaidi. Ndani ya kuba kubwa la Jabal Akhdar, pale ambapo mmomonyoko umetoboa miamba ya juu, kuna miamba ya miaka milioni 700 hivi. Baadhi yake ina mawe ya ukubwa na aina mbalimbali yaliyochanganyika ndani ya tope lililogeuka mwamba, mchanganyiko ambao huachwa na mito ya barafu. Naam, barafu, katika nchi ambayo leo joto lake la kiangazi hupita nyuzi 45. Ushahidi huu wa Oman umo miongoni mwa zile hoja zinazotumiwa na wanaoshikilia kwamba dunia iliwahi kufunikwa na barafu takriban yote katika kipindi hicho.

Mahali pazuri pa kuiona miamba hiyo ni Wadi Bani Kharus. Kuta za bonde hilo zina mstari mmoja ambao wanafunzi wa jiolojia hupelekwa kuushika kwa mkono. Chini ya mstari, matabaka ya kale yamelala mshazari, yakiwa yamekunjwa na kukatwa. Juu yake, matabaka ya chokaa yamelala kwa ulalo mwingine kabisa. Kiganja cha mtu kinaweza kugusa pande zote mbili kwa wakati mmoja, lakini kati ya upande na upande imepotea miaka zaidi ya milioni 200, ambayo mashapo yake ama yalimomonyoka ama hayakuwahi kutuama. Inafaa kuongeza kwamba jina la bonde hilo si geni Mombasa wala Unguja, ambako ukoo wa Kharusi umejulikana kwa vizazi vingi. Riyami nao wanatokana na Bani Riyam wa Jabal Akhdar. Majina haya ya watu wa pwani yetu yana anwani katika miamba.

Juu ya mstari huo ndipo ilipo chokaa ya kijivu, yenye unene wa takriban kilomita tatu. Ilitandazwa kidogo kidogo kuanzia miaka milioni 260 hivi iliyopita hadi karibu milioni 90 iliyopita, wakati Uarabuni ilikuwa bado imeungana na Afrika na ukingo wake wa kaskazini ukioshwa na bahari ya kale iliyoitwa Tethys. Makombe, matumbawe na viumbe vidogo vya bahari vilikufa, vikazama, vikalundikana. Mwenyeji wa Lamu au Malindi anaijua kazi hiyo kwa udogo wake, maana nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Tofauti ni muda tu, na uzito.

Kisha likatokea jambo lisilo la kawaida. Kwa desturi, bamba la bahari linapokutana na bara huzama chini yake, kwa kuwa miamba ya sakafu ya bahari ni mizito kuliko ya bara. Ndivyo ilivyo katika pwani ya Chile na katika visiwa vya Japani. Takriban miaka milioni 95 iliyopita, huku Oman mambo yalikwenda kinyume. Kipande cha sakafu ya Tethys, ambacho wakati huo kilikuwa kichanga, kingali na moto wa kuzaliwa, kilipanda juu ya ukingo wa Uarabuni na kusukumwa bara kwa mamia ya kilomita, kikibeba mbele yake na chini yake mashapo ya bahari kuu kama jembe linavyobeba udongo. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka milioni 20. Ukingo wa bara nao ulivutwa chini mno hata baadhi ya miamba yake, ile inayoonekana leo katika pwani ya As Sifah, kusini-mashariki mwa Muscat, ilifika kina cha makumi ya kilomita, ikageuzwa umbo na shinikizo, kisha ikapanda tena.

Kipande hicho kilichopanda ndicho kiitwacho ofioliti ya Semail. Neno ofioliti limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyoka, kwa sababu mwamba wake unapoingiwa na maji hugeuka kuwa na rangi ya kijani yenye madoa na mng'ao kama wa ngozi ya nyoka. Urefu wake katika Oman na Falme za Kiarabu unakaribia kilomita 500. Ofioliti zipo kwingineko, kama vile Saiprasi, lakini hakuna iliyo kubwa na kamili kiasi hiki juu ya nchi kavu.

Ukamilifu wake ndio hazina. Mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka sakafu ya bahari ya kale hadi kwenye kina ambacho hakuna mashine iliyowahi kukifikia kwa kuchimba baharini. Juu kabisa ni lava iliyomwagika majini ikaganda ghafla kwa maumbo ya mviringo yaliyolundikana. Umbo hili wanajiolojia huliita mito. Ni mito ya kulalia, si mito ya maji, na hapa Kiswahili humtega msomaji asiye makini. Mito iliyo katika Wadi Jizzi, magharibi mwa Sohar, ilipata umaarufu baada ya picha yake kutokea katika jalada la jarida la Geotimes mnamo 1975, na hadi leo huitwa kwa jina la jarida hilo. Chini ya lava kuna kuta nyembamba zilizosimama wima, moja ubavuni mwa nyingine, kila moja ikiwa ni ufa ambao magma ilipitia kwenda juu. Chini ya kuta hizo ni gabro, mwamba wa chembe kubwa ulioganda polepole. Na chini ya gabro, ghafla, rangi hubadilika: ni peridotiti, mwamba wa kile ambacho baadhi ya waandishi wa Kiswahili hukiita koti la dunia. Istilahi hiyo ina kasoro yake, maana koti huvaliwa juu ya yote ilhali tabaka hili limo chini ya ganda. Lakini kwa kuwa hukizunguka kiini, iacheni ipite.

Mpaka kati ya ganda na koti uligunduliwa mnamo 1909 na mwanasayansi wa Kroatia, Andrija Mohorovičić, ambaye hakuuona wala hakutarajia kuuona. Aliukisia kutokana na namna mawimbi ya tetemeko la ardhi yalivyobadili kasi. Chini ya bahari mpaka huo huwa kilomita sita au saba chini ya sakafu. Chini ya mabara ni makumi ya kilomita. Nchini Oman mtu huuvuka kwa hatua moja, na asipoambiwa anaweza kuuvuka asijue.

Milima yenyewe, kwa maana ya kimo chake, ilikuja baadaye. Baada ya ofioliti kutulia, bahari ilirejea ikafunika sehemu kubwa ya eneo hilo na kuacha chokaa nyingine changa. Katika makumi ya mamilioni ya miaka ya karibuni ndipo nchi ilipoinuliwa tena. Katika kipindi hicho Uarabuni ilijitenga na Afrika kwa kufunguka kwa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, sehemu ya mpasuko uleule ambao tawi lake la kusini ni Bonde la Ufa linalokata Kenya, na bamba lake likawa linasukumwa kuelekea Iran na Asia. Msukumo huo haujakoma. Musandam, ncha ya kaskazini, inainama na kuzama; mabonde yake yamejaa maji ya bahari na kuwa ghuba nyembamba ndefu zilizozungukwa na kuta za mawe, ambako vijiji kadhaa havifikiki ila kwa mashua.

Maji yanapoijia milima hii huja kwa ghadhabu. Mabonde yaitwayo wadi ni yale ambayo wakazi wa kaskazini mwa Kenya huyaita laga: mikondo mikavu kwa miezi mingi, inayojaa kwa dakika chache mvua inaponyesha mbali na macho ya aliye chini. Mwamba mtupu haunywi maji haraka, wala hakuna majani ya kuyachelewesha. Mnamo Juni 2007 kimbunga Gonu kiliporomosha mvua katika Hajar na kuleta maafa makubwa Muscat na pwani ya mashariki. Mnamo Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kikapiga Batinah. Lakini hata pasipo kimbunga hatari ipo. Katikati ya Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu wapatao 20, wakiwemo watoto wa shule ambao gari walilokuwamo lilisombwa na wadi katika eneo la Samad al-Shan.

Ghadhabu hiyohiyo ndiyo iliyochonga korongo la Wadi Nakhr, lenye kina cha takriban mita 1,000, ubavuni mwa Jabal Shams. Nayo chokaa, kwa kuwa huyeyushwa na maji yenye asidi kidogo, ina mapango. Kubwa kupita yote ni Majlis al-Jinn, lililo katika uwanda wa Selma. Juu ya ardhi huonekana matundu machache tu. Chini yake kuna chumba kimoja chenye ujazo wa mita za ujazo milioni nne hivi, na dari iliyo juu ya sakafu kwa mita 120. Watafiti waliokuwa wakitafuta miamba yenye maji ndio waliolitambulisha kwa ulimwengu wa sayansi mnamo 1983. Jina lake la Kiarabu, baraza la majini, halihitaji kufasiriwa kwa Mswahili.

Hao watafiti walitafuta maji, na hapo ndipo lilipo suala lenyewe la kuishi katika Hajar. Uwanda wa Saiq, juu ya Jabal Akhdar, hupata mvua ya takriban milimita 300 kwa mwaka. Muscat hupata karibu 100. Kiasi cha Saiq kingemkatisha tamaa mkulima wa Kericho, lakini kimetosha kustawisha makomamanga, majozi na mawaridi ambayo maji yake ya manukato hukamuliwa kila majira ya kuchipua. Juu zaidi humea mireteni, miti iliyo ya jenasi moja na mitarakwa ya nyanda za juu za Kenya. Ile iliyo chini imedhoofika na mingi imekauka, ilhali iliyo juu ingali na afya, hali ambayo yamkini inatokana na ukavu unaopanda mlima mwaka baada ya mwaka.

Sehemu ya mvua hiyo hupenya nyufa za chokaa, hushuka ndani kwa ndani, na hujitokeza au kukaribia uso wa nchi katika changarawe zilizo kwenye vinywa vya wadi. Tazameni ramani: Nizwa, Bahla, Izki, Rustaq, miji yote ya kale ya Oman imepangwa kwenye nyayo za mlima, pale unapokutana na uwanda. Kilichoiwezesha kuwapo ni falaji. Neno hili limetokana na kitenzi chenye maana ya kupasua au kugawa, nalo lina haki ya maana zote mbili, kwa kuwa falaji hupasua ardhi na hugawa maji. Ile ya aina iitwayo daudi huanza na kisima mama karibu na mlima, kisha handaki lenye mteremko mdogo sana huyaongoza maji chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa, bila pampu wala mnyama wa kuvuta, hadi yanapofika juani kijijini. Aina ya ghaili huchota maji ya juu ya wadi. Ya aini huanzia kwenye chemchemi. Simulizi za wenyeji humpa Nabii Suleimani mwana wa Daudi sifa ya kuanzisha falaji kwa mikono ya majini. Mtu akiwaza ugumu wa kupima mteremko gizani, ndani ya mwamba, haiwi vigumu kuelewa kwa nini majini waliitwa kutoa msaada.

Mgawanyo wa maji ni elimu ya peke yake. Kizio chake huitwa athari, sawa na nusu saa ya mtiririko. Zamu za mchana zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, za usiku kwa kuchomoza kwa nyota zilizojulikana kwa majina. Zamu iliweza kurithiwa, kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti. Maji ya kunywa yalikuwa ya wote, na yalichotwa mwanzoni kabla ya mfereji kufika penye kuoga na mashambani.

Kwa msomaji wa Kenya kuna jina moja la kukumbuka. Imamu Saif bin Sultan wa nasaba ya Yaarubi, ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mnamo Desemba 1698 baada ya mzingiro wa karibu miaka mitatu, anakumbukwa kwao kwa jambo jingine kabisa: alifufua falaji nyingi zilizokuwa zimekufa na kupanda mitende kwa maelfu. Lakabu yake ilikuwa Qaid al-Ardh, pingu ya ardhi. Alifariki mnamo 1711, akazikwa Rustaq. Vitabu vya historia huku pwani humtaja kama mshindi wa vita tu, na hivyo humtendea nusu ya haki.

Mnamo 2006 UNESCO iliandikisha falaji tano katika orodha ya urithi wa dunia: Daris, Al-Khatmeen, Al-Malki, Al-Muyassar na Al-Jeela. Mifumo ipatayo 3,000 ya aina hiyo ingali inatumika. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 pampu za dizeli na za umeme zimekuwa zikichota maji kutoka katika changarawe zilezile. Falaji haiwezi kushindana na pampu, kwa sababu haiwezi kufuata maji yanaposhuka. Hutoa kile tu ambacho mvua imeweka, na maji yakishuka chini ya sakafu ya handaki, hukauka.

Peridotiti nayo haina maji mengi ya kugawa, lakini imepata umuhimu mpya. Mwamba huu uliumbwa kwa kuishi gizani, kwenye joto kali. Ukiwa juu ya nchi hauna raha, hutaka kubadilika. Maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi yanapoupenya, magnesi na kalsi zilizomo huishika gesi hiyo na kuifanya jiwe jeupe. Karibu na vilima vya kahawia kuna chemchemi zenye maji ya bluu hafifu yaliyo makali kama sabuni ya magadi, na kingo zake zimefunikwa na utando mweupe uliotokana na maji hayo kunasa kaboni hewani. Mnamo 2008 Peter Kelemen na Jürg Matter walikadiria kwamba peridotiti ya Oman hunasa kwa njia hii ya asili kati ya tani 10,000 na 100,000 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, wakapendekeza kwamba kazi hiyo ingeweza kuharakishwa. Mashimo marefu ya utafiti yakachimbwa kati ya 2016 na 2018. Kampuni ya Oman iitwayo 44.01, ambayo jina lake ni uzito wa molekuli ya gesi hiyo, ilishinda tuzo ya Earthshot mnamo 2022, na mnamo 2023 jaribio likafanyika Fujairah, kwenye sehemu ya ofioliti iliyo katika Falme za Kiarabu.

Tumaini hilo lisitiwe chumvi. Tani 100,000 ni kidogo mno mbele ya mabilioni ya tani ambayo dunia hutoa kila mwaka, na kati ya jaribio la kisima kimoja na kazi ya kiwango cha taifa kuna njia ndefu. Zaidi ya hayo, gesi haiingii mwambani peke yake. Sharti kwanza iyeyushwe katika maji, na maji mengi. Fujairah walitumia maji ya bahari, kwa kuwa bahari ilikuwa karibu. Ng'ambo ya pili ya mlima, upande wa jangwa, ambako vilima vya kahawia ni vingi na bahari iko mbali, maji yaliyopo ni yale ya chini ya changarawe, na kila nusu saa yake ina mwenyewe.